Kabla Hujanunua Deni la Mtu, Lijue Ziwa Lake

Mpwa wangu kamaliza chuo Dar, na juzi kanipigia simu. Anataka kuingia kwenye kazi ya kununua na kuuza madeni yaliyoshindikana kulipwa, hii mikopo chechefu. Deni la shilingi 100 analichukua kwa 30, akikusanya hata 50 ameshapata. "Mjomba, huko ng'ambo watu wanatajirika kwa hili." Sikumjibu haraka. Nilikuwa naiona mashine ya boti ya jirani yangu.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Jirani alikuwa na mkopo, na marejesho ya kila wiki hayakufungwa. Mwezi wa pili wa kufungwa, dalali akashuka mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, na spana. Mashine ilipofunguliwa mafuta yakachuruzika mchangani, vijana wawili wakaibeba begani kama wanaobeba mgonjwa. Iliuzwa kwa bei ya kutupa. Mkopeshaji hakurudisha hela yake yote, na boti bila mashine haikuleta dagaa wa kumalizia deni.

Deni lile halikuwa bovu! Tarehe ya ziwa kufunguliwa ilijulikana na kila mtu pale mwaloni. Mnunuzi anayejua uvuvi angelichukua, akasubiri Agosti, kisha akapanga marejesho yafuate giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa na boti zinalala. Angelipwa, na jirani angebaki na mashine yake. Kwangu mimi, kazi yenyewe ndiyo hiyo: kumjua aliyeshindwa na kumjua aliyebanwa na wakati. Sheria ya ufilisi, na kwa nini mkopeshaji mwenye dhamana hulipwa kabla ya asiye nayo, atasoma vitabuni.

Na asiniambie kwamba mahakama ikikubali basi imetosha. Wazambia wa Mpulungu wanakunywa maji ya ziwa hili hili. Nchi yao ilikopa Romania mwaka 1979 kwa ajili ya matrekta. Mwaka 1999 kampuni ya Donegal International ikalinunua deni hilo kwa dola milioni 3 na ushei, kisha ikaidai Zambia zaidi ya milioni 50 mahakamani London. Mwaka 2007 ikapewa kama milioni 15. Nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imesamehewa madeni ili ipate za shule na zahanati! Uingereza yenyewe ilibidi itunge sheria mwaka 2010 kuwabana wanunuzi wa namna hiyo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mnunuzi anahitajika. Hela iliyokwama kwenye mkopo chechefu haimfikii mkopaji mwingine.

Nimemwambia apande treni aje Kigoma. Aje wakati wa mbalamwezi, boti zikiwa juu ya mchanga na wavuvi wana nafasi ya kukaa. Jirani amekubali kumwonyesha daftari lake la marejesho.