Mlimau wa Houston, mwembe wa Ngamiani

Leo asubuhi nimekwangua gome la mlimau wangu kwa ukucha, nikakuta kijani. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, peke yangu uani. Majani yote yamekuwa meusi na kulegea kama mchicha uliopita kiasi jikoni, lakini shina liko hai.

Naishi Houston, Texas. Kiangazi hapa ni jasho tupu kama Machi ya Tanga. Bamia inazaa mpaka unagawia majirani, mchaichai unakuwa kichaka. Halafu unakuja usiku mmoja wa Januari, mbingu safi, upepo umetulia, na sakitu, umande ulioganda kuwa barafu, inashuka. Maji yaliyomo ndani ya jani yanaganda na kulipasua kwa ndani; jua likichomoza, jani limekwisha. Februari 2021 baridi ilifika nyuzi 10 chini ya sifuri. Umeme ulikatika, tukalala na makoti. Nilipotoka nje mpapai ulikuwa umeanguka na migomba imekuwa uji. Migomba ilichipua tena kutoka ardhini, mpapai haukurudi. Mchungwa nao ulichipua, nikafurahi wiki nzima, kumbe machipukizi yametoka chini ya pale ulipounganishwa na shina la mti mwingine: shina la miiba, matunda machungu yasiyolika.

Tangu mwaka ule sibahatishi. Mchana wa kabla ya baridi namwagilia udongo, maana udongo wenye maji hushika joto. Jioni nafunika mti kwa blanketi mpaka liguse ardhi, kwa sababu joto lenyewe linatoka ardhini. Ukilifunga shinani kama mfuko, joto unalizuia nje. Asubuhi nafunua. Matawi yaliyoungua siyagusi mpaka baridi iishe kabisa, kwani ukikata mapema mti unachipua, na baridi inayofuata inaua machipukizi.

Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya mlimau mmoja. Na juzi kaka ananipigia simu: wanataka kuukata mwembe dodo wa nyumbani, Ngamiani mjini Tanga, zipatikane fremu mbili za duka.

Mwembe aliupanda babu. Haujafunikwa hata usiku mmoja, haujatiwa mbolea, na kila msimu tunaokota ndoo kwa ndoo. Sikulala.

Najua mtakachosema. Huyu kapanda ndege, sasa anatufundisha miti. Jamani, majani ya mwembe ule nimeyafagia mimi kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Madumu ya maji nimebeba. Najua kodi ya fremu ndiyo ada ya watoto, na embe halilipi ada. Na atakayesema hata huko kwenu umeme unakatika, ndiyo, nimeshasema hapo juu. Sijasema hapa ni kuzuri kuliko nyumbani. Kwa habari ya ardhi, ninachosema ni kinyume chake!

Mkonge uliojenga mkoa wetu wa Tanga ulitoka Florida, huku huku Marekani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja. Iliyofika na kushika ilikuwa 62. Ardhi yetu ikaipokea hiyo 62 ikageuka mashamba yasiyo na mwisho. Kila nikitandaza blanketi naikumbuka hesabu hiyo, na najivuna kwamba nimezaliwa kwenye udongo ule. Kisha nakumbuka machungwa ya Muheza yanavyolala chini msimu ukichanganya, yanaoza, tunayaruka kama mawe, na hasira inanipanda upya. Tumezoea kupewa. Mti usiotusumbua tunauona hauna thamani, na msumeno wa kukodi ni wa siku moja tu.

Mtaniambia nitume pesa badala ya maneno. Sawa.

Nimemwomba kaka asubiri Juni nije. Upande wa barabara, pale lilipo banda la kuku la zamani, fremu moja inaingia bila kugusa hata mzizi. Mama amenipimia kwa hatua, zimefika kumi na moja. Gharama ya kuvunja banda na matofali ya mwanzo natoa mimi. Fremu ya pili tutaizungumza tukiwa tumekaa chini ya mwembe wenyewe.