Shingo nyeusi sio uchafu

Nimesoma habari kwamba uzito mkubwa wa mtoto unaweza kuonekana hata kwenye ngozi yake, imenigusa sana. Binti wa dada yangu hapa Kampala, miaka 10, shingo yake kwa nyuma ilikuwa nyeusi, nene kama velveti, na kwapani pia, mama yake kila jioni anamsugua na dodoki mpaka mtoto analia, kumbe sio uchafu jamani!! Daktari alisema ni insulini, ile homoni inayosimamia sukari, imezidi mwilini sababu ya unene, akampima sukari. Tena ile mikunjo ya tumboni ikikaa na jasho fangasi inaingia. Na huku mtoto mnene tunamsifia ana afya, soda na chapati kila siku. Naomba wazazi msiwasugue watoto, wapelekeni wapimwe.