Betri mpya, picha kumi na moja

Picha kumi na moja. Nimezihesabu. Betri nne za alkalaini, nimezifungua kwenye pakiti palepale ukumbini, nikapiga picha kumi na moja za flashi, kamera ikarudisha lenzi ndani na kuzima. Ndiyo kwanza mpwa wangu anaitwa jukwaani kuchukua cheti. Kisogo cha mzee aliyekaa mbele yangu ninacho, tena kimetoka vizuri. Cheti sina.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba betri zile hazikuwa zimekwisha! Nilizitia kwenye saa ya ukutani na rimoti, huu ni mwezi wa tano tangu hapo na bado zinachapa kazi kama vile hazijanifanya kitu.

Tunaponzwa na namba. Betri ya kutupa, kama hiyo alkalaini, imeandikwa volti 1.5, ya kuchaji 1.2, basi mtu anajiona mjanja anachukua yenye namba kubwa. Mjanja mmojawapo nilikuwa mimi. Lakini saa hulamba umeme. Kamera huubugia, hasa flashi inapojijaza na lenzi inapotoka. Alkalaini ina ukinzani mwingi ndani yake, kwa hiyo ukiidai umeme mwingi kwa mkupuo mmoja volti zake zinaporomoka, na kamera ikiona hivyo inadhani betri imekufa. Inazima. Hiyo 1.5 unayojivunia ni ya betri iliyokaa bila kazi. Betri ya NiMH, yaani ile ya kuchaji, inaanza chini kidogo, lakini ukiikamua haitetereki: inabaki karibu na 1.2 hiyohiyo mpaka inapokaribia kuisha kabisa. Ndiyo maana hata flashi inawahi kujaa.

Haya, nakubali, NiMH za zamani zilikuwa zinaisha zenyewe kabatini. Ulikuwa unachaji leo, ukizitaka baada ya miezi miwili unakuta hazina kitu. Lakini Sanyo walitoa NiMH zao za Eneloop mwaka 2005, na za aina hiyo zikikaa mwaka mzima bado zinabaki na sehemu kubwa ya chaji. Na wewe unayezimaliza kwanza ndipo uchaji, eti zina “kumbukumbu” na zitazoea kujaa nusu, hayo yalikuwa maradhi ya betri za kuchaji za zamani, za nikeli-kadimiamu. Pumzika.

Chaja iwe inayopima kila betri peke yake. Za zamani na mpya usizichanganye.

Za lithiamu za kutupa? Hizo nazipa heshima yake, shingo upande: nyepesi, haziogopi baridi, hukaa zaidi ya miaka kumi bila kuharibika. Pakiti moja iko kwenye begi langu la kamera, ni ya dharura tu.

Mpwa wangu ameniuliza mara mbili, “Mjomba, picha zangu?” Mara ya pili nikamjibu bado zinasafishwa. Kamera ya dijitali, jamani.