Michango ya kikoba ilipotelea kwenye bafa: maoni yangu kuhusu open() na os.open()

Mwaka jana niliandika kaprogramu kadogo ka Python kwa ajili ya kikoba cha mtaani kwetu, kanarekodi michango: jina, kiasi, tarehe, basi. Faili linafunguliwa kwa open() kikao kikianza, linafungwa kikao kikiisha. Jumamosi moja mweka hazina alikuwa ameshaingiza wanachama 31, laptopu yenyewe betri ilishakufa inategemea umeme wa ukutani, umeme ukakatika. Uliporudi tukafungua faili, michango ya siku ile hamna hata mstari mmoja. Mama wa watu akaniangalia akaniambia, "Mwanangu, mbona wote nimewaingiza?" Na kweli aliwaingiza, na kila mara programu ilimjibu "imehifadhiwa". Daftari la mkono lilikuwepo, tukaanza upya mpaka magharibi.

Toka siku ile nina msimamo na sijauacha. Kazi za kila siku tumia objekti ya faili, yaani kile kitu open() inachokurudishia, lakini usikubali kufundishwa open() bila kuonyeshwa kilichopo chini yake. Mafunzo mengi niliyopitia yanaishia f.write() na f.close(), alafu unakutana na mwingine anakwambia achana na hizo, wanaojua wanatumia os.open, njia ya chini zaidi ya kufungua faili, na wote wawili hakuna anayekwambia data yako sasa hivi iko wapi.

Jaribu mwenyewe. Fungua Python kwenye terminali, andika f = open("majina.txt", "w") alafu f.write("Asha\n"). Inakujibu 5, maana yake imepokea herufi tano, nne za jina na moja ya kushuka mstari. Usiifunge. Fungua terminali nyingine andika cat majina.txt, amri ya kuonyesha kilichomo kwenye faili. Tupu, Asha hayupo. Rudi kwenye Python andika f.flush(), piga cat tena, Asha huyo hapo. Kwahiyo ile 5 haikumaanisha jina limefika kwenye faili, lilikuwa bado limekaa kwenye bafa, ambayo ni kama kapu ndani ya memori ya programu yako mwenyewe. Kwa miaka mingi saizi ya kawaida ya hilo kapu kwenye Python ilikuwa baiti 8192, likijaa ndo linamwagwa. Mistari 31 ya kikoba, kila mmoja baiti 40 hivi, inafika kama 1240, kapu halikufika hata robo, programu ikafa nalo.

Sasa os.open haikupi objekti, inakupa namba, namba tupu, mara nyingi 3, kwasababu 0, 1 na 2 zishachukuliwa: ya kupokea unachoandika, ya kutoa majibu na ya kutoa makosa. Ukisema os.write(3, b"Asha\n") cat inamuona Asha saa hiyohiyo, hamna kapu hapo kati, data imeenda moja kwa moja kwa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta. Hapo ndo watu wanapoipendea, na ninawaelewa kabisa.

Ila hiyo namba ni kama kile kibao unachopewa ukiacha begi mlangoni supamaketi. Begi liko kwa mlinzi, wewe umeshika kibao tu, na ukishachukua begi lako kibao cha 3 anapewa mteja mwingine. Mifumo ya jamii ya Unix, kama Linux, inafanya hivyohivyo, ukifungua faili unapewa namba ndogo kuliko zote iliyo wazi. Sasa chukulia fanksheni moja imefunga namba 3 lakini bado imeitunza kwenye variabo, fanksheni nyingine ikafungua faili la madeni ikapewa 3, alafu ile ya kwanza ikaandika tena kwa mazoea. Michango inaangukia kwenye faili la madeni na hamna era yoyote, Python haina namna ya kujua kwasababu 3 ni 3. Objekti ya faili ukiifunga ukataka kuiandikia inagoma palepale, ValueError, faili limeshafungwa. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kukaa na open().

Wanaosema os ina kasi zaidi, mara nyingi ni kinyume chake. Ukiandika mistari laki moja ya baiti 40 kwa os.write, mstari kwa mstari, umebisha hodi kwa kerneli mara laki moja. Kwa bafa ya 8192 ni kama mara mia tano. Alafu os.write inakurudishia idadi ya baiti ilizoandika na hailazimiki kuandika zote ulizoipa. Kwenye Linux ukiipa data ya GB 3 kwa mkupuo itaandika baiti 2,147,479,552 basi, zilizobaki ni juu yako kurudia, na programu nyingi ninazoziona hata haziangalii ile namba iliyorudi.

Na sisi tunaoandika Kiswahili kuna hili. Mtu akiandika ng’ombe kwenye simu, mara nyingi ile alama ya juu inatoka iliyopinda, na kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti, hiyo alama moja inakula baiti 3. Neno la herufi 7 linakuwa baiti 9. Ukisoma kwa os.read(fd, 4), fd ikiwa ile namba ya os.open, unapata n, g na vipande viwili vya alama, ukiita decode ya kugeuza baiti kuwa herufi inakupasukia. Objekti ya faili uliyoifungua kama maandishi ya UTF-8, ukisema f.read(4) inakupa ng’o nzima bila wewe kuhangaika.

Je, os.write ingeokoa kikao chetu? Sio lazima, na hapa ndo watu wengi wanadanganyika. Kerneli nayo ina memori yake, kwa mipangilio ya kawaida ya Linux data inaweza kukaa humo sekunde 30 na ushee kabla haijasukumwa kwenye diski. Programu ikifa peke yake data inabaki salama kwa kerneli, ila umeme ukikatika inaondoka nayo. Dawa ni fsync, amri ya kuiambia kerneli isukume data mpaka kwenye diski, na kuitumia hakukulazimishi kuiacha objekti, unaiomba namba yake kwa f.fileno(): kwanza f.flush(), alafu os.fsync(f.fileno()). Ukianza na fsync bila flush unasukuma kilichopo kwa kerneli wakati data yako bado iko kwenye kapu. Na with, ile inayokufungia faili yenyewe ukimaliza, peke yake haitoshi, ikifunga faili inamwaga kapu lakini fsync haiiti.

Programu ya kikoba sasa inafungua faili kwa "a", yaani kuongezea mwishoni, kila mwanachama anapoingizwa, inaandika, flush, fsync, na neno "imehifadhiwa" linatokea baada ya fsync kurudi. Mweka hazina hajaona tofauti yoyote ya kasi, kati ya mwanachama mmoja na mwingine kuna kuhesabu noti na kusalimiana.