Sauti au Silabi? Ugomvi wa Njia na Mtoto wa Dawati la Nyuma

Mzazi wa Mbagala aliyesoma kwa "ba be bi bo bu" hushtuka akimsikia mtoto wake wa darasa la kwanza anaguna "bb... a... ba". Huona mwalimu anapoteza muda. Mwalimu naye, hasa aliyepitia mafunzo ya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) yaliyoenea pamoja na mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015, huona mzazi anayeimbisha silabi nyumbani ndiye anayemvurugia kazi. Halafu yupo mwalimu wa tuisheni wa mtaani, anayechanganya yote na kuongeza majina ya Kiingereza juu yake: "bii, ei, ba". Mtoto mmoja, siku moja, njia tatu.

Wa sauti wanasema mtoto aanze kwa kujua kila herufi inatoa sauti gani, kisha aziunganishe mwenyewe. Wa silabi wanasema konsonanti peke yake haitamkiki, kwa hiyo apewe "ba" ikiwa nzima na aizoee kwa macho. Kila upande una hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali.

Ya sauti ianze kwa hesabu. Kiswahili kina irabu 5, na ukihesabu ch, dh, gh, ng', ny, sh na th kila moja kuwa sauti moja, kinabaki na konsonanti kama 25. Jumla sauti 30. Kwa silabi, konsonanti 25 mara irabu 5 ni 125, ongeza irabu zenyewe ziwe 130, na hapo hujagusa mba, nda, nja, kwa wala mwa. Anayefundisha silabi tupu akifika kwenye neno "mbwa" inambidi achore mstari mpya ubaoni: mbwa, mbwe, mbwi. Mtoto wa sauti hahitaji mstari huo. M anaijua, b anaijua, w anaijua. Anazibana na kumalizia na a.

Kuna pia ile m ya "mtu". Chati ya silabi ina ma, me, mi, mo, mu. Haina m inayosimama peke yake. Ndiyo maana madaftari hujaa "mutu", "mutoto" na "muti". Mwalimu husahihisha kwa wino mwekundu akidhani ni uzembe, kumbe mtoto ameitii chati kama alivyoambiwa. "Nchi" na "nne" zina mtego huohuo.

Sasa upande wa pili. Ni kweli kwamba b, d, k, p na t hazitoki mdomoni bila kuvuta irabu fulani. Mwalimu mwenye watoto 120, anayepaza sauti ili wa nyuma wasikie, hasemi "b", anasema "bu". Darasa zima linaitikia "bu". Kesho yake wanaambiwa "bu" na "a" ni "ba", na mtoto mwenye akili timamu anajiuliza kwa nini isiwe "bua". Akipewa "kalamu" anataja "ku-a-lu-a-mu-u", vipande sita, kisha ananyamaza, kwa sababu alivyovitaja havifanani na kitu chochote anachokijua. Mwenzake wa silabi ana vipande vitatu tu, ka-la-mu, na vikisemwa harakaharaka neno linajitokeza lenyewe.

Tena silabi ndiyo kipimo ambacho sikio la msema Kiswahili limekizoea tangu zamani. Watoto wanaozungumza kinyume huchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza: nyumba inakuwa "mbanyu", mtoto anakuwa "tomto". Hawajafundishwa silabi ni nini, lakini hawakosei pa kukata. Washairi nao huhesabu mizani, na m ya "mtu" wanaihesabu mizani kamili, jambo ambalo chati zetu za shule zimelisahau.

Historia pia iko upande wa silabi. Mwaka 1967 takriban asilimia 67 ya watu wazima nchini Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 ilikadiriwa wamebaki kama asilimia 10. Kisomo cha watu wazima kilifanya kazi hiyo kwa vitabu vya pamba, ndizi na uvuvi, na kwa maneno ambayo watu waliyajua shambani, yaliyokatwa kuwa silabi. Njia iliyofikisha watu wengi hivyo haiwezi kuitwa ya kizamani halafu tukaendelea na safari. Hata hivyo, mkulima wa miaka 40 alikuja na sababu yake ya kutaka kusoma na uvumilivu wa mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 hana hicho cha pili, na cha kwanza mara nyingi ni fimbo tu.

Joto la ubishi huu, kwa sehemu kubwa, si la kwetu. Limetoka kwenye Kiingereza, ambako herufi a ina kazi moja katika "cat", nyingine katika "cake", nyingine katika "father". Utafiti wa Seymour, Aro na Erskine uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha wanafunzi wanaoanza shule katika lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, watoto wa Kifini walisoma kwa usahihi asilimia 98 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Wale wa Kiingereza, asilimia 34. Tahajia ya Kiswahili iko karibu zaidi na ya Kifini kuliko ya Kiingereza: a ni a, popote ilipo. Kwa hiyo kuchagua njia isiyo bora kwa Kiswahili kunagharimu wiki kadhaa, wakati kwa Kiingereza kunaweza kugharimu miaka. Kama wiki ndizo tunazozigombea, basi tuangalie miaka inapotelea wapi.

Inapotelea kwenye kuimba. Chati ya manila imetundikwa, kiranja ana fimbo, darasa linaimba "ba be bi bo bu, cha che chi cho chu". Kwa anayepita dirishani linasikika kama darasa linalosoma. Ziba chati kwa kiganja, acha "cho" peke yake, muulize mtoto mmoja. Akianza chinichini "cha, che, chi..." hadi afike, huyo amekariri wimbo, hajaisoma silabi. Njia ya sauti haiko salama hapa, maana nayo huimbwa: "a ya aaa, m ya mmm", kwa mpangilio uleule, kila asubuhi. Dawa ni kuvunja mpangilio mapema. Siku ya pili tu, andika silabi tano zile zile kwa fujo, kisha uzipange upya mbele yao. Vizibo vya soda vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito vinafaa kuliko chati kwa sababu havina mpangilio wa kukariri, na mtoto akikosea anasogeza kizibo tu, hafuti.

Kwa maoni yetu sauti itangulie, ila isikae peke yake zaidi ya siku mbili tatu kabla ya kutua kwenye silabi, na silabi isikae peke yake zaidi ya wiki moja kabla ya kuingia kwenye neno. Mpangilio wa herufi ndio unaoamua kama hili litawezekana. Ukianza na b, ch, d kwa kuwa ndivyo alfabeti ilivyo, unaanza na sauti zinazokatika ghafla, ambazo ndizo ngumu kuunganisha. Anza na irabu tano, kisha m, s, n na l, ambazo mtoto anaweza kuzivuta hadi irabu inayofuata bila kuacha pengo: mmmaaa, ma. Ile "bu" ya uongo haipati nafasi. Ongeza k, na kwa konsonanti hizo tano una mama, kaka, simu, meno, samaki, kalamu, na pia sentensi kamili: "Kaka anasoma." "Kuku anakula." "Mama analima." Mtoto aliyesoma sentensi katika mwezi wake wa kwanza anajua kusoma ni kwa ajili ya nini. B na d zitenganishwe kwa wiki kadhaa. Zikija pamoja zitageuziana tumbo hadi darasa la tatu.

Baada ya hapo silabi zichukue usukani, kwa sababu maneno ya Kiswahili ni marefu. "Hawatakusomea" ina silabi saba. Anayetumia sekunde mbili kwa kila silabi amefika "-a" baada ya sekunde 14, na "ha-" imeshasahaulika. Huyu hana tatizo la herufi. Anahitaji kuona "hawa", "taku" na "somea" kama mafungu. Sauti zirudi tena kazini zinapohitajika: kwenye mbwa na ngw-, kwenye ng na ng', kwenye m ya mtu, na kwenye irabu zinazofuatana kama taa, choo na jua, ambazo watoto wengi humeza moja.

Wanaotaka tushike njia moja tu wana hoja ya kiutendaji, na si ya kupuuza: mwalimu aliyechoka akiambiwa "changanya", atachanganya ovyo. Ni kweli. Kuchanganya kunakokubalika ni kule kwa kufuatana, sauti kisha silabi kisha neno, si kurukaruka ndani ya kipindi kimoja.

Pamoja na hayo yote, idadi ndiyo inayotawala. Tangu ada na michango ya lazima ifutwe kuanzia Januari 2016, madarasa ya mwanzo ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama Mbagala, Chanika, Majohe na Chamazi, yamefurika mara nyingi kupita kiwango cha wanafunzi 45 kwa darasa. Kipindi ni dakika 30. Kwa watoto 45 kila mmoja ana sekunde 40, kama mwalimu hasemi neno. Kwa 120 ana sekunde 15. Hakuna njia ya kufundisha kusoma inayofanya kazi kwa sekunde 15, iwe ya sauti, ya silabi au ya malaika. Kinachowezekana ni kuacha kujaribu kuwasikiliza wote. Tenga dakika 10 kila siku, watoto 10, dakika moja kila mmoja, kwa orodha ya majina. Wengine wanakili maneno matano. Kwa watoto 120 mzunguko unaisha baada ya siku 12 za shule. Unachotafuta katika dakika hiyo ni kimoja tu: anakwama kwenye herufi, kwenye kuunganisha, au kwenye urefu wa neno? Weka alama ya H (herufi), U (kuunganisha) au R (urefu) mbele ya jina. Wenye H wakae mbele wiki inayofuata. Kwa kawaida mbele hukaa wenye kunyoosha mikono, ambao hawana shida.

Kitabu nacho kina siasa yake. Kikishikwa na watatu, wa katikati anasoma, wa pembeni wanasoma mshazari, na aliyekaa upande wa pili wa meza anazizoea herufi zikiwa miguu juu. Sentensi tatu ubaoni, kubwa, zinawatendea haki zaidi.

Kwa watoto wa awali tuseme kifupi. Nasari nyingi za mjini huuza ahadi ya kusoma katika umri wa miaka 4 kwa sababu shule za mchepuo wa Kiingereza huwafanyia watoto usaili wa kuingia darasa la kwanza. Wazazi hawana kosa kuogopa usaili. Lakini mkono wa miaka 4 unaofuatisha nukta ukurasa mzima hujifunza kuishika penseli vibaya, na tabia hiyo ni ngumu kuing'oa baadaye. Umri huo unatosha kwa kupiga makofi kwa kila silabi ya jina lake, kutafuta vitu vinavyoanza kwa "ma", na kusomewa hadithi.

Mchepuo huo una mtego wake mwingine. Mtoto aliyeanza na sauti za Kiingereza ameambiwa u ni ile ya "cup". Akikutana na "kuku" anasoma "kaka", na nyumbani wanacheka. Alichofanya ni kutumia kanuni sahihi mahali pasipo pake. Anayeanza na Kiswahili hukutana na kanuni zisizobadilika kwanza, kisha hufundishwa kwamba Kiingereza kina vurugu zake. Kuanza na vurugu ndipo uje kwenye utulivu kunawezekana, ila kunahitaji mwalimu anayesema waziwazi kwamba u hii si ile. Wengi hawasemi.

Wathibiti ubora wa shule wakifika hukagua andalio la somo, zana na ushirikishwaji wa wanafunzi. Wangeweza kuokoa muda. Waandike kwenye karatasi maneno kumi yasiyo na maana, kama "fipu", "tade", "lomi", "mkeso" na "ngweta", ambayo hakuna aliyeyaimba kokote. Wachukue watoto kumi wa dawati la nyuma. Anayeyasoma amefundishwa kusoma, kwa njia yoyote ile. Asiyeyasoma, hata kama chati nzima ameimaliza bila kukosea, arudi kwenye vizibo vitano vya soda.