Mirunda ya Mbagala, ngazi ya Hamilton

Mimi ni fundi rangi wa kujitegemea, huku Hamilton, Ontario. Sina bosi. Nachukua kazi kwa makontrakta, nikimaliza naandika ankara. Mbagala, Dar es Salaam, nilifanya hivyohivyo miaka sita, ila huko ankara ilikuwa ya mdomo.

Msimu wa kwanza nilikasirika kuambiwa kwamba kabla sijagusa brashi nijisajili WSIB, bodi ya fidia ya jimbo, tena nichangie mwenyewe. Tangu Januari 2013 Ontario inawalazimisha hata mafundi ujenzi wasio na mwajiri. Kontrakta asipoona hati kwamba hudaiwi, hakupi kazi. Nililipa huku nimenuna. Niliiona ni hela ya kumtumia mama inayopotea.

Baridi ilipoingia ngazi iliteleza. Kifundo cha mkono kikavunjika, mkono uleule wa brashi. Wiki tisa sikufanya kazi, na bodi ikanilipa asilimia 85 ya kipato changu baada ya makato, pamoja na matibabu. Hakuna aliyeniuliza kosa ni la nani. Ndivyo mpango ulivyo tangu sheria yao ya 1914: mfanyakazi aliacha haki ya kumshtaki mwajiri, akapata kulipwa bila mabishano.

Bado nina hogo mkononi, simu ikaja kutoka Mbagala. Rafiki yangu, tuliyeanza naye usaidia fundi, ameanguka kutoka kwenye mirunda akipiga lipu. Nyonga. Mwenye nyumba alimpa nauli ya bajaji na elfu hamsini, basi. Yaliyobaki yakaletwa kwenye grupu letu la WhatsApp: "Jamani, tumchangie fundi mwenzetu." Nilituma mchango wangu nikibonyeza simu kwa mkono wa kushoto, na roho iliniuma sana. Tumeanguka wote wawili, kazi ni ileile.

Nyumbani tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, asilimia 0.5 ya mshahara. Mfuko ni mzuri, ila mlango wake ni mwajiri. Fundi wa mapatano, leo yuko Chamazi, kesho Kongowe, mwajiri wake nani?

Watu watasema kuwe na hiari. Hiari nimeiona hukuhuku, kwa sababu nje ya ujenzi wengi waliojiajiri wanajiamulia. Jirani yangu anasafisha ofisi peke yake. Hakujiunga, mgongo ukamshinda, hana pa kudai. Mwenye kipato cha kuungaunga ataahirisha kila mwezi. Hata mimi ningeahirisha.

Ningetaka tuanzie kwenye kibali cha ujenzi. Anayelipia kibali alipie hapohapo fidia ya mafundi wa saiti ile, wawe na mkataba au hawana. Najua wengi wanajenga bila kibali. Basi serikali ya mtaa, inayojua kila msingi unaochimbwa, ipewe jukumu hilo. Kwa mtu anayenunua saruji na nondo za mamilioni, kiasi kidogo cha kumlinda aliye juu ya mirunda hakimzuii kuhamia kwake.

Juzi rafiki yangu alinitumia picha. Amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, gongo kando, anachekecha mchanga. Elfu saba kwa siku.