Mgeni Rasmi Juu ya Fungu

Kamati ya maandalizi ya safari yetu ilikuwa na wajumbe wengi kuliko wazamiaji. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi: sisi watumishi wa ofisi moja ya Dar es Salaam, pamoja na wastaafu wachache waliokataa katakata kuondoka katika kundi letu la WhatsApp, tuvuke kwenda Unguja tukapige mbizi kwenye mabaki ya meli za kale zilizozama jirani na Mji Mkongwe. Wenye cheti cha uzamiaji tulikuwa watatu. Lakini kwa kuwa kwetu jambo lisilo na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kamati ndogo ya chakula huhesabiwa kuwa halipo, vyeo viligawanywa kabla hata mtu hajauliza meli hizo ziko kina gani. Mimi nilipewa ukatibu, na ndiyo maana muhtasari wa yote yaliyotokea ninao mimi.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mzee mwenye sauti ya kufundishia madarasa mawili kwa wakati mmoja. Katika kikao cha kwanza alitusimulia habari za Pegasus, manowari ya Waingereza iliyokuwa imetia nanga Unguja mwezi Septemba mwaka 1914 ili mitambo yake itengenezwe. Alfajiri ya tarehe 20, manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya mto Rufiji, ilitokea ghafla na kuipiga kwa mizinga iliyofika mbali kuliko ya Waingereza, hadi Pegasus ikazama na mabaharia zaidi ya thelathini wakapoteza maisha. Königsberg nayo ilirudi kujificha Rufiji, ikazingirwa humo, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamia kwenye matope. Mwenyekiti alisimulia haya akiwa amesimama, na alipofika kwenye mizinga aliigiza mlio wake, jambo lililomfanya mlinzi wa jengo aje kuchungulia.

Ni hapo Mweka Hazina alipoomba nafasi. Huyu ni dada mmoja makini sana, ambaye mtu akimpa noti huitazama kwanza kwenye mwanga. Alisema anavyofahamu yeye, mzinga mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg iko Mombasa, pale Fort Jesus, juu ya nchi kavu kabisa, na mtu huitazama akiwa amevaa viatu vyake. Je, kulikuwa na sababu gani ya kulipia boti, mitungi ya hewa na mavazi ya mpira ili kwenda kutazama gizani kile ambacho Mombasa kinaonekana juani? Hoja hiyo haikujibiwa. Mwenyekiti aliihamishia kwenye mengineyo, na huko ndiko ilikokufa.

Jibu la kweli kuhusu Pegasus lilitoka kwa mwongozaji wa kituo cha uzamiaji, ambaye nilimpigia simu mbele ya kamati nzima, sauti ikiwa wazi. Alitueleza kwa upole kwamba mabaki hayo yako kwenye kina cha mita 40 hivi, ambacho ndicho mwisho wa uzamiaji wa starehe, ilhali vyeti vyetu sisi watatu viliishia mita 18. Mwenyekiti aliuliza kama barua yenye muhuri wa ofisi ingesaidia. Mwongozaji alinyamaza kidogo, kisha akaeleza kwamba kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, kwamba kwenye mita 40 mtu huvuta hewa iliyoshindiliwa mara tano, hivyo mtungi humalizika upesi na naitrojeni humlevya kichwa, na kwamba muhuri, kwa uzoefu wake, haubadilishi hesabu hiyo. Akapendekeza Great Northern, meli ya kulaza nyaya za telegrafu chini ya bahari, iliyojengwa mwaka 1870 na kuzama juu ya fungu la matumbawe mwishoni mwa mwaka 1902. Kina chake hakizidi mita 12. Kamati ilipiga makofi kana kwamba meli hiyo tumeizamisha sisi.

Fulana zilikuwa zimeshachapishwa. Ziliandikwa PEGASUS kwa herufi kubwa, na chini yake mchapaji, aliyeambiwa tu aweke picha ya meli iliyozama, aliweka Titanic yenye dohani zake nne. Mwenyekiti alisikitika kwa muda mrefu, akieleza kwamba Pegasus ilikuwa na dohani mbili tu. Mweka Hazina alimwambia kwamba kama zimezidi, basi tumepata faida.

Sasa tarehe. Kamati ilichagua Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara kuingia, kwa sababu kabla ya hapo ahadi za michango hubaki kuwa ahadi. Nilipompelekea habari nahodha wa boti, mzee wa Kiunguja aliyekulia baharini, aliomba azungumze na Mwenyekiti mwenyewe.

"Mzee mwenzangu," alimwambia, "siku hiyo ni bamvua. Maji yatakupwa mpaka saa nne, na mafungu yote yatatoka juu. Tukiondoka alfajiri, vijana watazamia na tutarudi salama. Tukichelewa, mimi sipo."

"Nahodha, tarehe imeshapitishwa na kikao."

"Basi na bahari muialike kwenye kikao."

Walikubaliana kuondoka saa 12 kamili asubuhi. Na pengine tungeondoka saa hiyo, lau kama kamati ndogo ya itifaki, ambayo kuundwa kwake hakumo katika muhtasari wowote niliouandika, isingekuwa imemwalika mgeni rasmi.

Mgeni Rasmi alikuwa mkubwa mmoja wa ofisini kwetu. Alifika ufukweni saa 12 na nusu, amevaa suti ya kijivu, tai na viatu vilivyong'aa kiasi cha kuonyesha mawingu. Kulikuwa na utepe. Ulifungwa kutoka ubavuni mwa boti hadi kwenye mti, na kila wimbi lilipopita utepe ulikazika na mti ukatikisika. Hotuba yake iligusa utalii, uchumi wa buluu, nidhamu kazini na umuhimu wa kujaza fomu za likizo mapema. Nahodha alikuwa akitazama jinsi maji yanavyouacha mchanga, hatua kwa hatua, na kila hatua alivua kofia yake na kuivaa tena.

Hapa sina budi kutaja vita vya tarehe 27 Agosti 1896, kati ya Waingereza na Khalid bin Barghash aliyekuwa amejitwalia usultani wa Zanzibar, vita ambavyo havikufika hata saa moja. Kwa muda huohuo jumba la kifalme lilibomolewa na meli ya Sultani, Glasgow, iliyoundwa Uskoti kwa amri ya Sultan Barghash baada ya tufani ya mwaka 1872 kuharibu meli zake, ikazamishwa bandarini, milingoti yake ikibaki imesimama juu ya maji kwa miaka. Ninavitaja kwa sababu sherehe yetu ya kukata utepe ilivipita vita hivyo kwa muda. Na tena, tulipoondoka, Mwenyekiti aliamuru injini izimwe mbele ya bandari ili tuitolee heshima Glasgow, ingawa mwenyewe alikuwa ametufundisha kwamba mabaki yake yaliondolewa mwaka 1912 na kwamba hapo tuliposimama hakukuwa na kitu isipokuwa maji. Tulikaa kimya dakika nzima. Mgeni Rasmi, ambaye alipanda botini kwa ajili ya picha tu na hakushuka, alishika kifua.

Tulifika saa mbili. Mwongozaji alikagua mitungi yetu, akatukumbusha tusipande juu upesi kuliko mapovu yetu madogo na tusiiache pumzi ikafungika kifuani, kisha tukajirusha kinyumenyume, sisi watatu na yeye, tukashuka.

Huko chini nitakusimulia kwa ufupi, maana ndiyo sehemu pekee ya safari iliyokwenda sawasawa. Chuma cha meli kimegeuka nyumba: matumbawe yameota kwenye mbavu zake, pono wanayatafuna kwa mlio unaosikika waziwazi, na mkunga mmoja alitoa kichwa kwenye tundu akatutazama kwa uso wa karani aliyeletewa faili dakika ya mwisho. Nilikuwa nikifikiri juu ya wale waliopita humo na mizigo ya nyaya, enzi ambazo habari ya kutoka Ulaya ilisafiri chini ya bahari kwa vituo na mistari, niliposikia injini ya boti ikinguruma. Ikanyamaza. Ikanguruma tena, kwa nguvu zaidi. Majini sauti huenda kasi zaidi ya mara nne kuliko hewani, na masikio hayawezi kujua inatoka upande gani, kwa hiyo tuligeuka wote wanne, kila mmoja upande wake. Mwongozaji alitazama saa yake, akatutazama, akaonyesha juu. Tulisimama kwenye mita 5 kwa dakika tatu kama inavyotakiwa, tukiwa tumening'inia hapo huku injini ikilalamika, ikikohoa na hatimaye kukata tamaa.

Tulipotoa vichwa, juu yetu palikuwa na kihori kimoja na kijana wa nahodha ndani yake.

"Boti iko wapi?" mwongozaji aliuliza.

"Imepanda bara," kijana alijibu, akanyoosha kidole.

Boti ilikuwa imelala ubavu juu ya fungu la mchanga, mbali nasi kiasi cha mtu kusikika akiita, na kuizunguka walikuwa wamesimama wajumbe wote wa kamati wakiwa na fulana za Titanic. Baadaye Mweka Hazina alinieleza kisa. Mgeni Rasmi aliomba apigwe picha akiwa juu ya mchanga katikati ya bahari, bango la safari likiwa mbele yake. Nahodha alikataa. Mwenyekiti aliitisha kura. Nahodha, akiwa amechoka kuliko kukubali, alitoa dakika mbili tu, akamwacha kijana juu ya mapovu yetu na kuisogeza boti. Katika picha ya kwanza Mgeni Rasmi alifumba macho. Katika ya pili bango lilikuwa kinyume. Ya tatu ilitoka vizuri sana, na nyuma yake, ukiitazama kwa makini, unamwona nahodha akiisukuma boti peke yake.

Tulitembea kwenye mchanga tukiwa na mitungi mgongoni na mapezi mkononi, na tulipofika tulikuta kikao kimeshafunguliwa. Mwenyekiti alitangaza kwa furaha ya kweli kwamba kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe akidi imetimia, na kwamba hakuna mjumbe atakayeomba udhuru wa kutoka mapema. Pia alituomba tutambue kwamba tumekwama jirani kabisa na mahali ilipokwama Great Northern.

"Wale angalau walikuwa na kazi ya kufanya," alisema Mweka Hazina.

Sufuria la pilau lilishushwa. Kwa haki yake, kamati ndogo ya chakula ndiyo pekee iliyotekeleza wajibu wake bila dosari, hadi kachumbari. Tulikula tumekaa juu ya mchanga, nahodha akila huku ameupa mgongo mkutano wote, na Mgeni Rasmi akiwa amekunja suruali hadi magotini, soksi zake zimeanikwa kwenye usukani. Ngalawa ya wavuvi ilipita kwenye maji ya kina mbele yetu. Waliona sare, bango, sufuria na mtu wa suti, wakapunguza tanga.

"Hongereni!" mmoja alipaza sauti. "Bi harusi yuko wapi?"

Hakuna aliyejibu, ila nahodha, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka.

Maji yalirudi karibu na adhuhuri, kimyakimya, yakainyanyua boti bila kuhitaji azimio lolote. Lakini ndege ya Mgeni Rasmi ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa imeshaondoka. Hapo ndipo alipokumbuka maelezo ya mwongozaji, ambayo yeye, kinyume na wengine, alikuwa ameyasikiliza kwa makini: kwamba mtu aliyezamia hatakiwi kupanda ndege upesi, kwa kuwa naitrojeni iliyo mwilini inaweza kutoa mapovu angani, hivyo hungoja muda wa saa 12 au zaidi, na wengi huongeza hadi saa 18. Akamgeukia Mweka Hazina na kumweleza kwamba, kwa sababu za kiusalama, atalazimika kulala Unguja, na kwamba kamati italazimika kumlipa posho ya usiku huo.

"Mheshimiwa, kwa heshima zote, wewe hukuzamia."

"Nilizama hadi hapa," alisema, akionyesha kifundo cha mguu.

Mweka Hazina alifungua daftari, akachukua posho ya usiku mmoja, akaigawa kwa urefu wa Mgeni Rasmi, akazidisha kwa kimo cha soksi, kisha akamhesabia pesa hizo mkononi, mbele ya mashahidi, akamtaka atie sahihi.